Mazishi ya Tarehe Thelathini na Moja Aprili

Nianze kwa kukiri, ili mtu asihangaike kumtafuta mwenye kosa: mimi ndiye niliyemuua Préfet Stanislas. Nilimuua siku ya Jumatano, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, mbele ya wanafunzi thelathini na wanane, na mtoto aliyenisaidia nilimpa alama tisa juu ya kumi. Ile moja nilimnyima kwa sababu sipendi mtoto avimbe kichwa.

Préfet ndiye mkuu wa shule yetu hapa Kapata, katika hizi nyumba za zamani za wafanyakazi wa kampuni ya madini, zilizopangwa mistari kwa mistari na kufanana mpaka mlevi huingia kwa jirani akadai chakula chake. Ni mtu mrefu, mkavu, mwenye jaketi moja la kahawia, rula moja ya mbao, na simu moja ya vitufe ambayo huizima kila akimaliza kuongea ili isichoke. Miaka kumi na minne simu ya kioo haikukanyaga shule yake.

"Ile kitu ni mulango, Madame Angèle," aliniambia kila nilipomwendea. "Unafungula kidogo, dunia yote inaingia na viatu."

Angèle ndiye mimi. Nafundisha darasa la nane B, na kichwa changu ni kigumu kuliko rula yake. Nilimwambia dunia imeshaingia, tena imeshakaa kitandani. Mwaka jana msichana mmoja wa darasa langu alikosa shule majuma mawili kwa sababu picha yake ilizungushwa mikononi mwa watu, na waliozungusha ni watoto wazuri kabisa, wale wanaoimba kanisani. Hawakuwa wabaya. Hakuna mtu aliyewahi kukaa nao akawaambia simu ni nini. Jambo lile liliniuma, na bado linaniuma, na nilisema sitaacha mpaka anipe ruhusa.

Alinipa Jumatano nne. Masomo manne, basi, kisha ataamua. Katika ofisi yake kuna kabati la chuma, na funguo ya kabati inakaa mfukoni mwa jaketi. Wazazi wangetuazimisha simu zao, simu zingelala humo mpaka saa ya somo, na saa sita zingerudi nyumbani. Jambo moja tu likiharibika, alisema, kabati litafungwa na halitafunguliwa tena kwa kazi hiyo mpaka yeye astaafu. Alikuwa amebakiza miaka kumi na mmoja. Nilipiga hesabu nikatoka jasho.

Zikapatikana simu kumi na moja. Nilizikusanya katika beseni la bluu, kila moja na kipande cha utepe wa gundi chenye jina, na watoto wakazitumia kwa makundi. Nilifungua kundi la WhatsApp la darasa. Nikaweka sheria: hakuna picha ya mtu bila ruhusa ya mtu, hakuna kufungua ujumbe wa mzazi, na kila habari inaulizwa maswali matatu kabla ya kusogezwa mbele. Nani amesema? Alijuaje? Nani mwingine anasema? Watoto waliyapenda yale maswali vibaya. Mama mmoja alinilalamikia sokoni kwamba alimwambia mwanawe bukari, huu ugali wetu, imeiva, mtoto akamwuliza nani mwingine anasema.

Jumatano tatu zilipita vizuri, nami nikaanza kutembea kama mtu aliyenunua gari. Ya nne iliangukia tarehe thelathini Aprili, kuamkia sikukuu ya wafanyakazi. Préfet mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ameondoka Jumanne kwenda Lubudi, ambako mke wake Ndaya analima mahindi, na angerudi Jumatano alasiri na unga wake. Jaketi alikuwa ameliacha shuleni, msumarini, pamoja na funguo, chini ya ulinzi wa Beya, mlinzi wetu.

Zoezi la mwisho lilikuwa hili: kila kundi litunge habari ya uongo, liifiche ndani yake makosa matatu, na liitume katika kundi la darasa. Wengine wayatafute makosa. Niliwakataza kuandika juu ya mwanafunzi mwenzao. Andikeni, nilisema, juu ya mtu asiyeweza kuumia.

Jémima akainua mkono. Huyu ni binti wa Mama Domitille, na hapa ni lazima nimweleze mama kabla ya binti. Kapata ina wakuu wengi, lakini mtu akifa, mkuu ni Mama Domitille. Anauza thomson, wale samaki wa barafu, asubuhi, na kwa miaka ishirini ndiye anayetangaza misiba. Zamani alitembea mlango kwa mlango, sasa anatumia simu. Ujumbe wake ukifika, mwanamke hazimi hata jiko. Anachukua unga wake, anachukua makala, yale makaa ya jiko, anakwenda. Hajawahi kukosea jina, hajawahi kukosea nyumba. Watu husema hata mgonjwa akisikia Mama Domitille amenyamaza hupata nafuu.

"Madame," akasema Jémima, "tunaweza kuandika juu ya Préfet? Ule haumiake na kitu."

Darasa likaangua kicheko. Ningepaswa kukataa. Nilicheka mimi kwanza.

Jémima aliandika haraka, maana maneno yale ameyasoma tangu akiwa mgongoni. Na simu aliyoshika, ndiyo, ilikuwa ya mama yake. Ujumbe ukatokea katika simu zote kumi na moja, na katika yangu:

"Ba mama na ba tata ba Kapata. Na roho ya huzuni mingi tunabaambia kama Tata Préfet Stanislas ametutoka leo asubui saa kumi na moja kule Lubudi. Kilio iko ku nyumba yake. Mazishi ni kesho tarehe 31 mwezi wa ine. Marehemu atashukuru bageni yeye mwenyewe. Ba mama mukuye na unga na makala. Mungu atutie nguvu."

Tulicheka mpaka Kalumba akaanguka kwenye kiti. Alipoinuka ndiye aliyepata kosa la kwanza: alikunja ngumi, akahesabu miezi juu ya vifundo vya vidole, kimoja juu, kimoja shimoni, Aprili ikaangukia shimoni. Mwezi wa siku thelathini! La pili, marehemu hawezi kushukuru wageni. La tatu lilichukua muda, kisha Mignonne akalishika: hakuna jina la mtu aliyeleta habari kutoka Lubudi. Niliwapigia makofi. Nikaandika ubaoni maswali yetu matatu kwa herufi kubwa. Nilibakiza neno moja tu la kuwaambia, neno dogo, "futeni", na kengele ikalia.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimewaza juu ya watoto usiku na mchana, wataandika nini, wataangalia nini. Sikuwaza hata mara moja kwamba simu si zao. Saa sita kamili simu kumi na moja zilirudi kwa wazazi kumi na mmoja, na ndani ya kila moja, kwa jina la Mama Domitille, Préfet alikuwa amekufa.

Saa nane nilikuwa nyumbani nasonga bukari niliposikia kilio. Jirani yangu Marie alipita mlangoni mbio, beseni la unga kichwani.

"Madame Angèle! We unasonga bukari na Préfet amekufa?"

"Nani amesema?" nikauliza. Ulimi ulikuwa umeshazoea.

"Mama Domitille!"

Sasa nisikilizeni, maana hili nimelificha kwa wengi. Niliamini. Mimi, mwalimu wa maswali matatu, niliacha mwiko ndani ya sufuria, nikatoka nikilia kwa sauti, "Tata Préfet eeh!", na nililia hivyo kama hatua ishirini, machozi ya kweli, nikikumbuka jinsi alivyonilipia dawa mwaka ule wa malaria bila kumwambia mtu. Marie naye alilia kando yangu na kusema katikati ya kilio:

"Heureusement, ni bahati, kuzika ni kesho, tarehe makumi tatu na moja. Ni férié, hatutaomba ruhusa ku kazi."

Nikasimama. Miguu ilisimama yenyewe. Nilikunja ngumi yangu, nikahesabu vifundo, na Aprili ikaangukia shimoni.

Nilipofika nyumbani kwa Préfet, turubai lilikuwa limeshafungwa, viti vya parokia vimeshashuka, na kwaya inatafuta sauti. Wanawake kama mia wamekaa chini wakilia kwa zamu. Vijana kumi wachimbaji walikuwa wamefika na pikipiki kutoka Musonoi, vumbi la shimo bado nyusini, wote wanafunzi wake wa zamani. Mmoja alilia akijipiga kifua: "Alinifukuzaka mara tatu! Nani atanifukuza tena?"

Na nilikuta watoto wangu. Darasa zima la nane B lilikuwa limebanwa ukutani, macho yamewatoka. Walijua. Katika uwanja ule wenye watu mia mbili, waliojua ukweli ni hao tu, na kwa desturi yetu mtoto hasemi kilioni. Jémima alikuwa akivuta kitenge cha mama yake.

"Mama, njo exercice ya masomo, ni mi niliandika..."

"Nyamaza! Mutoto hasemake ku kilio!"

Kalumba alikuwa ameshapigwa kofi na shangazi yake kwa kukunja ngumi mbele ya waombolezaji. Aliniona, akanionyesha shavu.

Nilimshika Mama Domitille mkono, nikamvuta kando ya ukuta. Nikamwuliza kwa sauti ya chini nani alimpa habari. Alinitazama kama nimemwuliza nani alimpa pua. Tangu saa sita, alisema, watu wanampigia wakimshukuru kwa kuwaambia. Akafungua simu, akanionyesha.

"Ona. Jina yangu. Maneno yangu. Saa ine na dakika kumi na mbili. Mi njo nilitangaza, na mi sidanganyake."

"Saa ine mama ulikuwa wapi?"

"Ku soko."

"Na telefone?"

Akafungua mdomo. Lakini hapo hapo wachimbaji walipiga yowe, maana Beya alikuwa ametokea, na yeye akitokea kilioni hakuna mwingine anayesikilizwa.

Beya ni mtani wa Préfet. Makabila yao yametaniana tangu mababu, na kwetu mtani ana kazi kilioni: analia kwa kuchekesha, anaiba sufuria, anaigiza marehemu. Beya alikuwa amefanya kazi yake kwa moyo wote. Alikuwa amevaa lile jaketi la kahawia, ameshika ile rula ya mbao, ameweka shingo ngumu vile vile, akapita katikati ya waliao akikagua kucha zao.

"We! Juu ya nini unalia mu Swahili? Hapa tunalia mu Kifaransa! Retard! Umechelewa! Tano juu ya makumi mbili!"

Watu walilia na kucheka pamoja, kamasi na machozi. Wanawake walijipiga mapaja. Hata mimi, aibu yangu yote kifuani, nilicheka mpaka nikashika ukuta, kisha nikaona jaketi, nikaona mfuko, nikakumbuka funguo iliyomo, na kicheko kikakatika.

Nilijua nikisema sasa, kabati limefungwa. Nikinyamaza, labda Mungu angefanya jambo. Nilitazama shavu la Kalumba. Basi, nilijiambia, ukweli wenye watetezi wa miaka kumi na mitatu tu hauwezi kuachwa hivi. Nilivuta kiti cha parokia, nikapanda juu yake, nikainua mikono.

"Ba mama! Ba tata! Munisikilize!"

Kwaya ilidhani naongoza wimbo. Ikaanza.

Nilikuwa bado juu ya kiti, napiga kelele na hakuna anayesikia, nilipomwona kwa mbali, kwa sababu nilikuwa nimewazidi wote kimo. Pikipiki moja ilikuja polepole barabarani, dereva mbele, gunia la unga katikati, na nyuma ya gunia shingo ndefu iliyonyooka. Ilisimama mbele ya turubai. Préfet Stanislas akashuka, akajipangusa vumbi magotini, akatazama viti, akatazama moto na sufuria, akavua kofia yake kwa heshima.

"Pole sana," akamwambia mama wa kwanza aliyemkuta. "Nani amekufa?"

Yule mama alimtazama. Akaachia beseni. Unga ulipanda juu kama moshi, na ndani ya unga ule watu wakaanza kukimbia. Wachimbaji ambao hushuka mashimoni bila hofu waliruka ukuta watatu watatu. Kwaya iligawanyika, soprano upande huu, besi upande ule. Dereva wa pikipiki, asiyejua lolote, alikimbia pia kwa sababu wenzake walikimbia. Alibaki Beya peke yake katikati ya uwanja, katika jaketi lile, rula mkononi, uso kwa uso na mwenye jaketi.

"Retard," Beya akasema kwa sauti ndogo sana.

Na darasa la nane B likacheka. Watoto thelathini na wanane, pale ukutani, walicheka kwa pamoja kicheko walichokibana tangu saa sita, wakajishika matumbo, wakaangukiana. Kicheko kile ndicho kilichowarudisha watu. Mzimu haucheki na watoto, wala watoto hawachekei mzimu. Walirudi mmoja mmoja. Wakamgusa bega. Mama mzee mmoja alimfinya sikio kabisa, na Préfet akavumilia.

Alipokwisha kufinywa, alimvua Beya jaketi, akalivaa, akachukua rula yake. Uwanja ukawa darasa.

"Nani njo aliniua?"

Jémima aliinua mkono. Mkono ule mdogo uliinuka wa kwanza, na nilimpenda kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza. Niliinua wangu juu zaidi, na bado nilikuwa kwenye kiti.

"Ni mi, Préfet. Jémima alifanya exercice, alifanya vizuri. Mi njo sikuwaza kama telefone ni ya bazazi. Na mi njo nilisahau kusema bafute. Kosa ni yangu."

Aliomba simu. Mama Domitille akampa kwa mikono miwili, kichwa chini. Préfet alivaa miwani, akashika simu mbali na uso kama mtu aliyepewa chura, akasoma ujumbe kwa sauti, pole pole, wote wakisikiliza. Alipofika kwenye mazishi alisimama.

"Tarehe makumi tatu na moja. Mwezi wa ine."

Shangazi wa Kalumba akakunja ngumi. Marie akakunja yake. Ngumi zikainuka uwanja mzima, mia mbili, za wanawake, za wachimbaji, za wanakwaya, kila mtu akihesabu vifundo na midomo ikitembea: wa kwanza juu, wa pili shimoni, wa tatu juu, wa nne... "Aaah!" wakasema wote. Shangazi alimtafuta Kalumba kwa macho, na Kalumba akamgeuzia shavu la pili, mshenzi yule.

Préfet akaendelea. "Marehemu atashukuru bageni yeye mwenyewe." Akakunja miwani. Akatazama turubai, na yule kijana aliyefukuzwa mara tatu, na mabeseni ya unga yaliyoletwa na watu ambao yeye huwachapa watoto wao rula za vidole.

"Basi," akasema, "marehemu anabashukuru. Anabashukuru sana. Sikujuaka kama muko bengi hivi."

Mtu alianza kupiga vigelegele, na haikuwezekana tena kuvizima. Kwaya iliimba wimbo wa Pasaka. Unga ulikuwa umeshapimwa, sombe ya majani ya muhogo imeshachemka, haikufaa kuharibika. Tuliula ule msiba wote, Préfet akiwa katikati, akihudumiwa nyama ya kwanza kama bwana harusi. Watu waliendelea kufika kutoka mbali mpaka jua likashuka, wakilia kutoka kona ya barabara, na Beya aliwapokea getini: "Ingia, marehemu iko anakula."

Mmoja tu hakula. Mama Domitille alikaa kando, kitenge juu ya kichwa. Nilikwenda kukaa naye nikakuta Préfet ameshatangulia, amechuchumaa na sahani yake.

"Miaka makumi mbili, Tata," mama alikuwa akisema. "Na leo nilisoma jina yangu, sikusoma barua. Batu nao baliona jina yangu. Hakuna hata mumoja alisoma."

"Batoto balisoma," Préfet akasema.

"Na mi niliambia mutoto wangu anyamaze."

Préfet alimega bukari katika sahani yake. Alitafuna muda mrefu. Aliponipita alisema tu, "Madame Angèle, ya kabati nitaamua kesho," na uso wake ulikuwa mgumu kama siku zote. Nilikwenda nyumbani na tumbo lililojaa na moyo mtupu. Bukari yangu ya mchana ilikuwa imekuwa jiwe ndani ya sufuria, na mwiko umesimama katikati.

Asubuhi ya sikukuu, saa kumi na mbili na nusu, simu yangu ililia. Kundi la darasa. Mama Domitille.

"Ba mama na ba tata. Na roho ya furaha mingi tunabaambia kama Tata Préfet amekubali. Telefone zitaendelea ku masomo kila Jumatano. Mungu asifiwe."

Niliruka kitandani. Niliruka kweli, na kitanda changu si cha kurukiwa. Nilicheza na ufagio, nikabusu beseni la bluu, nikafungua mlango nimwite Marie aje acheze nami, na mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kumwita nilipobaki hivyo hivyo, mdomo wazi.

Nani amesema? Mama Domitille. Alijuaje? Haikuandikwa. Nani mwingine anasema?

Hakuna.

Nilifunga kitenge juu ya nguo ya kulalia nikashika njia, nikitembea haraka, kisha nikikimbia, mwalimu mzima, sandali mkononi. Nilikata nyuma ya nyumba, nikapita ukuta uliorukwa na wachimbaji. Nilipofika kwenye uwanja wa Préfet turubai lilikuwa bado juu. Na chini ya turubai, kwenye viti vya parokia, walikuwa wamekaa watoto. Kalumba, Mignonne, wengine kama ishirini, siku ya sikukuu, bila kunawa nyuso. Jémima alisimama mbele ya Préfet, daftari mkononi. Mama yake alikuwa kando yake, na safari hii alinyamaza yeye.

"Ile ujumbe," Jémima alikuwa akiuliza, "ni we ulisema, ao ni mutu alisema we ulisema?"

"Ni mi. Nilienda kwa Mama saa kumi na mbili, nikamuomba aandike."

"Tunaweza kukuandika jina?"

"Andika."

Ndipo akaniona, jasho usoni, sandali mkononi, unga wa jana bado kwenye kitenge.

"Madame Angèle. Unachelewa."

Watoto waligeuka wakacheka. Préfet alitia mkono mfukoni mwa jaketi.

"Nilisema mu roho yangu, nitatuma habari muzuri, ya kupendeza, na jina ile ile ya jana, na nitakaa hapa mupaka saa mbili. Kama hakuna mutu anakuya kuuliza, ninafunga kabati, mambo yameisha. Habari mubaya kila mutu anaweza kuiuliza. Ile unapenda, njo ngumu." Akatazama viti vyake. "Wa kwanza alifika hata chai sijakunywa."

Akanyoosha mkono, akaweka funguo kiganjani mwangu. Ilikuwa na joto la mfuko wake. Nililia tena, hatua zile ishirini zote, nimesimama pale pale, na sikujali ni nani anayeniona.

Kalumba alisogea akaitazama funguo ile kwa karibu, akaigeuza.

"Madame," akasema, "tunajuaje kama inafungula?"

Tukaenda wote shuleni, Préfet mbele, siku ya sikukuu, kuhakikisha.